Voi Isiwe Mahali pa Kupitia Tu

Haya ni maneno niliyowaambia wakazi wenzangu katika mkutano hapa Voi, kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza marudio.

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu zangu wa Kaloleni, Sofia, Mwakingali, Birikani na Mabomani, na nyinyi mlioteremka kutoka Sagalla na Mbololo, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya mji wetu unavyokua. Nitazungumza, lakini nitaanzia kwenye ardhi, kwa sababu mji ukikua juu ya ardhi isiyo yako, anayenufaika ni mwingine.

Mji huu haukuanzishwa na watu waliotaka kukaa hapa. Wadawida na Wasagalla, wenyeji wa Taita, walikuwa na makao yao milimani, kwenye ubaridi na chemchemi. Huku chini kulikuwa na pori la kuchungia na njia ya misafara. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1898 ilikuwa imeshapita hapa na kufika mto Tsavo, ambako simba wawili waliwala vibarua mpaka kazi ya daraja ikasimama. Habari ya wale simba kila mtalii anaijua. Mimi huwafikiria zaidi wale vibarua. Waliletwa watu kama 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla reli haijafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Voi ilizaliwa katika kazi hiyo, ikawa mahali pa treni kusimama, kuongeza maji na kuendelea na safari yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta. Waingereza wakaamua kupeleka jeshi kwa treni, ndipo ikajengwa reli ya pili kutoka hapa kwenda Mwatate, Bura na Maktau. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya kilima cha Salaita, ilifika Taveta na kuunganishwa na reli ya Wajerumani kule Kahe. Kwa hiyo hata makutano yetu ya reli, ambayo tunajivunia, hayakutokana na mtu aliyekaa akafikiria ndizi na mahindi ya Taveta yatafikaje sokoni. Ilikuwa hesabu ya vita. Katika vita hivyo hivyo, mwaka 1915, ndugu zetu wa Kasigau waling'olewa kwao na kupelekwa Malindi kwa shutuma za kuwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Leo ukienda kwenye makaburi ya vita hapa Voi utakuta mawe yamepangwa safu kwa safu na majani yamefyekwa, kila askari na jina lake. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na wengi wao hawana jiwe popote.

Halafu mwaka 1948 ikatangazwa Mbuga ya Tsavo. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga. Toa mashamba ya mkonge, toa maranchi, toa milima yenye mawe, uone kinachobaki kwa mtu wa kawaida. Mji wetu umebanwa kati ya mbuga na mkonge. Wenzetu wa miji mingine wakijaa wanasogea mbele kidogo. Sisi tukisogea mbele tunakutana na ndovu au na shamba la mtu. Anayetaka kujua kwa nini ploti ya futi 50 kwa 100 hapa imekuwa ghali namna hii, jibu moja ni hilo.

Ninayasema haya yote ili tuelewane jambo moja: kila uamuzi mkubwa juu ya mahali hapa ulifanywa na watu ambao hawakuwa wakiishi hapa. Sasa kuna uamuzi mwingine unakuja, juu ya ardhi ya reli ya zamani, na safari hii sheria imetupa nafasi ya kuwamo. Wasiwasi wangu ni kwamba nafasi hiyo itapita hatuko.

Niseme kidogo juu ya maisha ya reli, kwa faida ya vijana. Baba yangu alikuwa mtu wa gangi, wale wa kukaza boliti na kubadilisha mataruma. Tulilelewa landi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli. Nyumba zilikuwa za mawe, chumba kimoja kimoja, bomba moja nje kwa safu nzima, na mwarobaini mkubwa ambao chini yake ndiko wazee walikoamulia ugomvi wetu wote. Treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilipokaribia, akina mama walitoka na birika za chai, mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, wakasimama kwenye jukwaa wakitazama giza. Treni ikisimama, madirisha yanafunguka, mikono inatoka. Kwa muda ule mfupi zilipatikana karo za watoto wengi wa mji huu. Wengine mko hapa mbele yangu na mnajua nasema kweli.

Lakini kulikuwa na upande wa pili, na huo hatuuzungumzi sana. Mtu wa reli alikaa nyumba ya mwajiri. Akistaafu, alipewa muda afungashe. Mtu alitumikia reli ujana wake wote, akaamka usiku wa mvua kwenda kutazama daraja, na siku ya mwisho akakabidhi ufunguo bila kuwa na futi moja ya ardhi katika mji alioujenga. Aliyekuwa na shamba mlimani alirudi mlimani. Aliyetoka Ukambani au Nyanza miaka 30 nyuma, watoto wake wamezaliwa hapa na hawajui kwingine, akajibanza pembeni mwa mji. Watoto wake na wajukuu wake leo wanaitwa maskwota. Jamani, mtu huyu si mvamizi. Ni mji uliomtumia ukasahau kumpimia pa kukaa.

Treni mpya, ile ya SGR, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Ile ya zamani ya abiria ilikuwa imeshasimama. Kituo kipya ni kizuri, sikatai, na watoto wetu wanaosoma Nairobi wanafika nyumbani mapema na salama. Lakini abiria wanapita kwenye ukaguzi, milango inafungwa kwa saa, na hakuna mama mwenye birika anayekaribia jukwaa lile. Ukishuka, unamtafuta wa bodaboda akupeleke mjini. Reli iliyokuwa inamwaga watu katikati ya soko letu sasa inawashusha pembeni. Anayetaka biashara ya abiria lazima mji umfungulie njia nyingine, na mpaka leo haujamfungulia.

Tukategemea barabara. Caltex pale, wengi wetu tunakula kwa sababu ya malori: mwenye lojing'i, fundi wa pancha, muuza vipuri, mama wa kibanda anayepika ugali kuanzia alfajiri. Mwaka 2019 serikali ikaagiza makontena ya kwenda Nairobi yapakiwe kwenye SGR. Hakuna aliyetuuliza. Mnakumbuka vibanda vilivyofungwa, na vijana waliorudi kukaa chini ya miti. Mwaka 2022 agizo likaondolewa, malori yakarudi, tukapumua. Hapo napo hatukuulizwa. Maisha ya mji mzima yanapanda na kushuka kwa karatasi inayotiwa sahihi Nairobi. Ndiyo maana siwezi kukubali tukiambiwa kwamba malori yamerudi basi mambo ni mazuri, tulieni.

Na kweli mji unakua. Barabara ya Mwatate hadi Taveta ina lami, na ng'ambo ya mpaka unaendelea Holili, Moshi mpaka Arusha. Vitunguu, nyanya na ndizi zinapita hapa kila siku kwenda Mombasa. Wanafunzi wa vyuo wanatafuta vyumba. Wafanyakazi wa kaunti wanaofanya kazi Mwatate wengi wanalala hapa. Watu wa Mombasa na Nairobi wananunua ploti na kuziacha na ua wa mabati, wakisubiri bei. Kodi ya chumba inapanda, na mwalimu anayeanza kazi anahamia mbali zaidi kila mwaka. Mwaka 2023 tuliona nyumba zikibomolewa mtaa wa Msambweni hapa Voi, familia zimekaa juu ya magodoro kando ya vifusi. Sitaki kuingia katika kesi ile. Ninachosema ni kwamba watu wale walijenga miaka mingi mchana kweupe, na mji ulikuwa unawaona. Mji wenye mpango haufiki pale.

Kijana mmoja aliniuliza juzi kama ninataka Voi ibaki kama ilivyokuwa enzi za baba yangu. Sitaki. Landi ilikuwa na choo kimoja kwa familia nyingi, na mama alikuwa anasimama kwenye baridi usiku wa manane ili nipate viatu. Nataka soko lenye paa na mitaro, nataka hospitali ya rufaa yenye vitanda vya kutosha, nataka kijana apate kazi bila kwenda kubeba mizigo Mombasa. Nataka mji ukue. Ninataka ukue nasi tukiwa ndani yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa hasa, nalo ni ardhi ya reli ya zamani.

Tembeeni siku moja kutoka stesheni ya zamani kufuata njia. Utaona jengo la stesheni, majukwaa yake, njia za kupishania treni ambazo nyasi zimefunika, mataruma ya chuma yenye kutu, mabogi yaliyoachwa, nyumba za landi, miarobaini iliyopandwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kisha ufuate tawi la Taveta linavyokata kuelekea magharibi, nafasi ya pande zote mbili za njia bado ikiwa wazi kwa sehemu kubwa. Hicho ni kipande kikubwa cha ardhi ya umma kinachogusa katikati ya mji. Kwingine kote katikati ya mji pana mwenyewe.

Mwenye macho ya biashara ameshakiona. Mnajua jinsi mambo haya yanavyoanza. Kwanza unatokea ua wa mabati, hakuna anayejua ni wa nani. Kisha kibao cha kukataza kupita. Kisha mtu anasema ana barua ya kugawiwa. Baada ya miaka miwili kuna jengo la ghorofa nne, na ukiuliza unaambiwa mambo yako mahakamani. Hili si jambo la kubahatisha. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchi nzima, ikiwemo ya mashirika ya serikali, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, sawa na sisi. Leo wanatumia mabilioni kununua tena nafasi ya kupitisha barabara na mitaro katika ardhi ambayo wakati mmoja ilikuwa ya umma.

Na wapo wanaosema reli ile imekufa, kwa hiyo ardhi yake haina kazi. Reli ya Nanyuki nayo iliambiwa imekufa. Mwaka 2020 njia ya zamani ilikarabatiwa na treni ya abiria ikarudi Nanyuki. Ya Kisumu ikafuata mwaka 2021. Iliwezekana kwa sababu njia ilikuwa bado ipo. Tawi letu la Taveta linaelekea moja kwa moja kwenye mpaka ambao biashara yake inaongezeka kila mwaka. Pengine treni itarudi, pengine haitarudi. Lakini njia ikishajengwa maduka, swali lenyewe limekwisha, na wajukuu wetu hawatakuwa na cha kuamua. Hata kama treni haitarudi kamwe, njia ile ile inaweza kuwa barabara ya watembea kwa miguu na baiskeli kutoka mitaani hadi sokoni, na kupitisha bomba la maji taka bila kumbomolea mtu nyumba.

Ardhi ya reli ina mwenyewe kisheria, na mwenyewe ni shirika la umma. Sisemi tuivamie. Nasema Katiba, Ibara ya 62, inaiweka ardhi inayotumiwa au kumilikiwa na vyombo vya serikali katika kundi la ardhi ya umma, na umma ni sisi. Basi mji uketi na shirika hilo na waandikiane: eneo la stesheni libaki la umma, njia ya Taveta isikatwe ploti, na wazee na wajane wanaoishi landi wasiamshwe asubuhi na tingatinga. Wale waliokaa pale miaka yote wahesabiwe kwanza, kabla mpima hajasimika kigingi cha kwanza. Mkataba kama huo ukiwa kwenye maandishi, gavana akibadilika au mkurugenzi akibadilika, sisi tuna cha kushika mkononi.

Nigusie maji, ingawa hilo peke yake lingechukua mkutano mzima. Bomba la Mzima linatoa maji chemchemi za Tsavo Magharibi, ndani ya kaunti yetu hii hii, na kuyapeleka Mombasa tangu miaka ya 1950. Mjini kwetu bomba likikauka, mkokoteni wa mitungi ya lita 20 ndio unaotupangia bei. Watu wa Mombasa ni ndugu zetu na wanahitaji maji. Hata hivyo, huwezi kuidhinisha nyumba za kupangisha mtaa baada ya mtaa bila kuuliza maji yatatoka wapi na uchafu utakwenda wapi. Mto Voi unajua uchafu unakokwenda sasa. Ukipita darajani baada ya mvua utaona chupa na nailoni zinavyoteremka kuelekea mbugani.

Na ndovu. Kule Sagalla chini wapo wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu huogopa nyuki, na inawasaidia. Kila tunapouza ploti kwenye mapito ya ndovu tunamhamishia mkulima wa Sagalla tatizo letu. Mipaka ya mji kuelekea upande ule ichorwe sasa na iheshimiwe.

Sasa kazi. Voi ni manispaa. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inataka manispaa iwe na mpango wake wa maendeleo, na inatoa haki ya kuwepo majukwaa ya wananchi. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wanaita wananchi ukumbini. Nimekwenda kwenye vikao hivyo. Viti vingi vinakuwa vitupu, waliokuja wanapewa karatasi nene kwa Kiingereza, soda inagawiwa, na ikifika saa nane orodha ya mahudhurio inasema umma umeshirikishwa. Orodha hiyo ndiyo itakayosomwa mahakamani siku tukilalamika.

Naomba basi kila mtaa uchague watu wawili, mmoja awe mwanamke na mmoja awe kijana anayejua kutumia simu yake kwa jambo hili. Waanze wiki hii. Wapite kwenye ardhi ya reli iliyo karibu na mtaa wao wapige picha kila ua wa mabati, kila kigingi, kila kibao, na waandike tarehe. Waende landi waandike nani anaishi pale, tangu lini, na aliyemtangulia alikuwa nani. Wazee mnaokumbuka mpaka wa ardhi ya reli ulipopita, kaeni nao muwaonyeshe, maana mpima wa kulipwa ataonyeshwa na mwingine. Tuyakusanye, tuyachape nakala tatu: moja kwa bodi ya manispaa, moja kwa Tume ya Ardhi, moja ibaki kwetu. Tuombe kwa barua mpango wa mji usomwe kwa Kiswahili, na siku ya kikao ikitangazwa tuwe tumeshakubaliana nani atasema nini, ili wasituambie muda umekwisha kabla hatujafika kwenye suala la stesheni.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nianze kusema juu ya landi. Naomba apewe maikrofoni sasa, kwa sababu yeye bado anaishi kule, na jina lake ndilo litakalokuwa la kwanza kwenye orodha.